Mfuniko wa Pipa la Bluu

Kamba walielea matumbo juu, tanki zima. Inspekta aliinama, akanusa maji, akalizunguka tanki tena. Mama huyu hakujaliwa utulivu. Hata kwenye kiti alikaa kama kiti kina moto.

“Klorini,” alisema. “Nani aliwalisha asubuhi?”

Mwenye kamba, macho yamemvimba kwa kulia, alimnyooshea kidole mfanyakazi wake, bwana mmoja waliyemwita Kimya. “Huyu! Nimemfanya ndugu, kumbe ananimaliza!”

Chakula chenyewe kilikuwa bakteria wazuri, waliochachushwa kwa molasi na pumba kwenye pipa la bluu. Kila asubuhi Kimya alichota ndoo moja, akamimina tankini, kamba wakashiba. Leo ndoo ileile imewaua.

“Hukusikia harufu?” Inspekta alimuuliza.

“Nina mafua, afande.” Kimya alivuta kamasi, akitazama pingu mkononi mwa askari. “Halafu pipa nililikuta limefunikwa. Mfuniko umegongwa ukazama, nikaubandua kwa bisibisi. Nikajua ni dada tu.”

“Mimi?” Mwenye kamba aliruka. “Pipa lile halifunikwi! Bakteria wanapumua. Tunatandika kitambaa, basi. Muulizeni jirani, kutwa analalamikia uvundo!”

“Mlango wa chumba cha tanki haukuvunjwa. Jirani ana ufunguo?”

Hakuwa nao. Funguo zilikuwa tatu: wa Kimya, wa mwenye kamba, na wa mumewe, aliyefika jana jioni kutoka mji anakofanya kazi.

Mume aliwakaribisha sebuleni, akawamiminia chai. “Mimi chumba kile siingii, afande. Uvundo wote ule? Thubutu!” Alitia sukari, akafunika kopo, akaugonga mfuniko kwa ngumi, du, du. Akafunika jagi pia. Akafunika na chupa ya chai.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Inspekta alitulia.

“Bwana, hebu nifungulie hilo kopo.”

Mume alijaribu kwa kucha, wapi. Akachukua kijiko, akabandua mfuniko kwa nguvu.

“Kila siku nakwambia usiugonge,” mkewe alisema kwa mazoea. Kisha akajiziba mdomo. Alimtazama mumewe, na machozi yakaanza upya.

“Ni wewe?”

Mume aliketi chini. “Nilikuja kuwachukua, wewe na watoto. Nyumba nimepanga, hadi vitanda vyao nimenunua. Kila nikipiga simu: subiri, nawalisha kamba. Nikasema wakifa hawa, utakuja. Nikamwaga klorini pipani.”

“Si ungeniambia unaumia!”

“Nilikwambia. Jana hiyohiyo. Ulikuwa unapima maji.”

Mwanamke alijua ni kweli. Ilimuuma kuliko tanki lile. Halafu akamwona Kimya mlangoni, na hasira ikampanda.

“Na huyu je, afungwe kwa ajili yako?”

“Huyo sikumfikiria.”

“Hapo ndipo uliponikera,” Inspekta alisema, akimwashiria askari. Pingu zikapata mwenyewe.

“Nisamehe, ndugu yangu,” mwanamke alimwambia Kimya. “Nilikusingizia mbele za watu.”

Kimya alivuta kamasi. “Mbegu ya bakteria ninayo nyumbani, dada. Chupa moja. Tunaweza kuanza.”

Askari alimwinua mume. Alipopita mezani, mikono yake yenye pingu ilijinyoosha yenyewe kwenye kopo la sukari, ikitafuta mfuniko.

“Acha wazi,” mkewe alisema.