Dada Macho na Nukta ya Twiga

Anayewasimulia hadithi hii anayajua mapenzi kuliko mtu yeyote mjini. Waume zake wawili wangewathibitishia, kama wasingetoroka. Basi tuwaache hao, tumfuate binti aliyesimama kwenye lango la jengo jipya asubuhi, malori yakipiga honi, mafundi wakisukumana, naye kavaa gauni la zambarau na buti za kazi, utadhani alikuwa akienda harusini akapitia machimboni.

Kazi yake ilikuwa kubandika kidude kidogo kwenye helmeti ya kila fundi. Kidude kile kilituma habari kwenye skrini yake ndani ya kontena, na kila mtu akaonekana kama nukta inayotembea juu ya ramani ya jengo. Kreni haikuruhusiwa kushusha mzigo shimoni mpaka binti aseme kwa redio kwamba shimo halina nukta. Siku ile ile mafundi wakambatiza Dada Macho.

"Kwa hiyo, Dada Macho, utaniangalia kutwa nzima?" akauliza fundi wa majukwaa, mrefu mpaka ikabidi ainame ndipo abandikwe. Wenzake walimwita Twiga.

"Nitaangalia helmeti yako."

"Basi siivui hata nikioga."

Binti akacheka kabla hajajizuia. Akaisha hapo hapo, maskini.

Haukupita muda, simu zikaanza.

"Nipo wapi, roho yangu?"

"Ghorofa ya tatu, karibu na ngazi, na hufanyi kazi."

"Usikate. Tazama."

Nukta ikaanza kuzunguka kwenye sakafu tupu, ikiacha mstari nyuma yake.

"Umeona nilichokuchorea?"

"Nimeona. Kiazi."

"Ni moyo huo!"

"Basi una moyo wa kiazi, mpenzi wangu." Na bado akaupiga picha, akalala nao.

Kisha nukta ya Twiga ikaanza kuingia stoo ya rangi kila wakati wa chakula, ikatulia ubavuni mwa nukta ya fundi rangi, mwanamke mwenye kiuno chake na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Dada Macho akaikuza ramani mpaka stoo ikajaa skrini nzima. Nukta mbili, zimegusana. Wivu ukampanda hadi masikioni. Twiga alipopiga, akamkatia. Akapiga tena, akapokea.

"Kaongee na fundi rangi wako!"

"Umejuaje nilikuwa kwa fundi rangi?"

"Nimeona."

"Ahaa! Ulituambia mashine hii inatulindia maisha. Kumbe inakulindia mwanaume."

Simu ikakatwa. Twiga akasubiri aombwe radhi. Siku zikapita, hakuombwa. Asubuhi moja akakibandua kidude chake, akakitundika kwenye msumari wa kantini, akashuka shimoni. Wenzake wakanong'ona kwamba na wao watavibandua, hawachunguzwi mpaka chooni.

"Dada Macho, shimo tupu?" msimamizi akauliza kwa redio.

Juu ya shimo kreni ilikuwa imebeba furushi la nondo. Kwenye skrini, shimo tupu. Nukta ya Twiga ilikuwa kantini. Binti akafungua mdomo aseme "tupu", akaitazama tena ile nukta. Imetulia kama jiwe. Ikazidi kutulia.

"Simamisha! Kuna mtu shimoni!"

"Skrini inasemaje?"

"Skrini inasema hakuna. Mimi nasema yupo!"

Furushi likabaki linaning'inia. Msimamizi akachungulia, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na kutoka chini ya mbao, pale pale nondo zilipokuwa zitue, kikachomoza kichwa cha Twiga. Ana spana mkononi, masikio yamejaa mlio wa pampu ya maji, anauliza kuna nini.

Dada Macho alifika akiwa na buti moja. La pili lilibaki kwenye tope. Akampiga ngumi za kifua, kisha akakikumbatia kifua hicho hicho. Halafu, gauni limelowa mpaka magotini, akapanda juu ya rundo la matofali.

"Jamani, kosa ni langu. Nilichungulia pasiponihusu, na mtu nusura afe. Kuanzia leo kantini, choo na stoo zinafutwa kwenye ramani. Skrini itaonyesha sehemu za hatari tu, nayo itageuzwa nje, kila mtu aione."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Twiga akaenda kantini, akarudi na kidude chake, akakibandika kwenye helmeti mbele ya wote. Nyundo zikagongwa kwenye mabomba, mlio ukapanda mpaka paa. Waliokuwa wakinong'ona wakajipanga vidude vyao vikaguliwe, na dereva wa kreni, asiyeshuka hata kwa chai, akashuka kuomba chake.

"Na mimi nibaki na jina la mwizi wa wanaume?" fundi rangi akaja juu. "Kijana, mwambie, au nitamwambia mimi!"

Twiga akajikuna shingo. "Nimepanga vyumba viwili. Tulikuwa tunachanganya rangi za mabaki, nipate hii ya gauni lako."

"Kila tukichanganya inatoka bilinganya," akasema fundi rangi.

"Kuta zikikauka, utakuja kukaa na mimi, uwe mke wangu?"

"Nitakuja," akasema binti, machozi yakimchora tope usoni. "Hata kama ni bilinganya."

Vigelegele vikamziba masikio. Alipopata nafasi akainua kidevu. "Ila uelewe, tangu tugombane sijakuangalia hata nusu dakika. Ya leo ni bahati tu."

"Sasa ulijuaje ile nukta ya kantini siyo yeye?" msimamizi akauliza.

"Si rahisi? Huyu hatulii! Akinywa chai anaizunguka meza. Akiongea na simu anakwenda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Jana jioni alikuja mpaka nyuma ya kontena langu, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, mpaka nikataka nitoke nim—"

Akaziba mdomo kwa mkono wenye tope.

"Nusu dakika," akasema Twiga.