Bega la Odilia

Kila alfajiri Odilia aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walisikia, wakachukua majembe, wakaenda shamba la ujamaa. Kijiji chao kilikuwa karibu na Kimamba. Kazi hiyo Odilia alipewa na mkutano wa kijiji, naye aliipenda kuliko kitu chochote.

Lakini bega lake la kulia lilikuwa bovu. Zamani alibeba mizigo ya mkonge kwa miaka kumi na mitano. Sasa, mwaka 1974, mkono haukufika hata kidevuni, na reli aliigonga kwa chini tu. Alimeza vidonge. Maumivu yalipoa siku mbili, yakarudi.

Katibu wa kijiji, Hezekia, alimtaka apumzike, kazi apewe mtu mwingine.

"Mkutano ndio ulionipa, ndugu katibu," Odilia alimjibu. "Kama ni kuninyang'anya, mkutano ndio uninyang'anye."

Hezekia akasema vema, mkutano utakaa baada ya wiki sita.

Alhamisi Odilia alipanda basi hadi hospitali ya Kilosa. Alikuwa amesikia kwamba huko wapo madaktari kutoka China. Kwanza alipigwa picha ya bega, mfupa ukaonekana mzima. Kisha Daktari Chu alimpima mapigo ya damu kwenye mikono yote miwili. Alitazama ulimi wake. Aliuliza anavyolala na anavyokula. Mwishowe alichukua sindano nyembamba, isiyo na bomba wala dawa, akamchoma mguuni, chini ya goti.

Odilia alikasirika. Akamgeukia muuguzi aliyekuwa akitafsiri, binti aliyeitwa Perpetua.

"Mwanangu, mwambie daktari wako ninaumwa bega. Mguu wangu hauna kosa."

Perpetua alitabasamu, akamweleza. Wachina husema mwili una njia za nguvu, toka kichwani hadi vidoleni. Njia ikiziba, mtu huumwa. Kwa hiyo hawaangalii bega peke yake, wanamwangalia mtu mzima. Sindano zao huchemshwa kila mara kabla ya kutumika.

Siku ile mkono ulipanda hadi sikioni. Aliambiwa arudi mara tisa na asigonge chuma kwa mkono huo. Odilia hakusikia. Kwake yeye, mtu akichomwa sindano amepona. Kesho yake aligonga reli kwa nguvu zote. Jioni hakuweza kushika kikombe. Hezekia alicheka mbele ya watu, akasema sindano tupu humponya mtu mtupu. Odilia alilia kwa hasira.

Alirudi Kilosa kugombana.

"Shikamoo, mama," alisema Perpetua.

"Marahaba. Sindano zenu ni za uongo."

"Mama, maumivu haya yalikuingia kwa miaka kumi na mitano. Unataka yatoke Alhamisi moja?"

Odilia akaketi. Perpetua akamwambia ukweli wote. Sindano hizi hazitibu kila kitu. Malaria ina vidonge vyake, na kifua kikuu kina dawa zake, mgonjwa asiziache. Lakini kwa maumivu ya muda mrefu, watu wengi hupata nafuu, wakivumilia na wakifanya mazoezi.

Basi Odilia akavumilia, kwa ubishi wake uleule, akaenda Kilosa kuchomwa mara zote tisa. Alfajiri aligonga reli kwa mkono wa kushoto. Jioni alipandisha vidole vya mkono wa kulia ukutani, polepole, akaweka alama ya mkaa pale vilipofika. Alama zilipanda wiki hadi wiki. Siku za baridi bega bado liliuma kidogo. Hakujali.

Siku ya mkutano ikafika, watu wakakaa mbele ya ofisi ya kijiji. Hezekia alisimama, akaeleza kwa upole kwamba mama yetu amechoka, tumpumzishe.

Odilia hakuomba nafasi ya kusema. Alitoka kwenye benchi, akaiendea reli, akainua nyundo kwa mkono wa kulia hadi juu ya kichwa, akagonga.

Watu wote wakainuka kwenda kuchukua majembe. Hezekia naye alikuwa amekwisha piga hatua tatu alipokumbuka kwamba yuko mkutanoni.