Aliyeachwa Korogwe

Marta alipofungua mlango hakumtazama mumewe. Alitazama nyuma yake, akatabasamu, akasema, "Karibuni jamani, mmelowa."

"Mimi na nani?" Tobia aliuliza.

"Si huyo dada uliyekuja naye?" Kisha tabasamu likamtoka. Uani hapakuwa na mtu. Ulikuwapo ukungu tu, ule mzito wa Malindi ya milimani, si ile ya pwani, unaopanda kutoka mabondeni mchana na kufunika mashamba ya viazi mpaka watu wanatafutana kwa kuitana.

Tobia alicheka, akafunga mlango upesi. Alijua ni dada gani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Azimio, naye alikuwa karani wa ghala Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi alipanda treni mpaka Mombo, akadandia basi la mlimani, akamalizia kwa miguu. Kisha Jumapili akageuza. Katika safari hizo alizoeana na Wema, binti wa Kwamkoro, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko mjini, ambaye wakati wa kurudi kazini alipandia Korogwe. Waligawana chai ya chupa na kuwekeana nafasi. Wema alimwita Kaka Tobia.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, katika safari ya kurudi mjini, treni ilijaa kupita kiasi. Tobia alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umekumbatia kapu la mapeasi ya kumpelekea mkuu wake wa kazi, maana mkuu ndiye aliyegawa vyumba vya wafanyakazi. Treni ilikwisha kuondoka Korogwe alipomwona Wema akikimbia peku juu ya kokoto, viatu mkononi.

"Kaka Tobia, nishike!"

Ilitosha aachie kapu tu, amshike. Hakuliachia. Aliviangalia vidole vya yule binti vikiteleza kwenye chuma, akasikia kishindo, na treni ikasimamishwa. Gadi alikuja mbio. "Ndugu, wewe ulikuwa hapa mlangoni. Umeona nini?"

"Sikuona kitu," Tobia alisema.

Mkuu aliyasifu sana yale mapeasi.

Sasa, humo nyumbani, iliingia harufu ya chuma kilichoungua. Marta aliinusa sufuria, akainusa kanga yake, akafungua dirisha, harufu ikazidi. Jioni walisikia mtu akikimbia kuzunguka nyumba, miguu peku juu ya kokoto, ingawa uani kwao palikuwa na nyasi na matope matupu.

"Baba, unasikia?" Marta alinong'ona.

"Ni mbuzi wa jirani."

"Mbuzi anahema hivyo?"

Tobia alirudi mjini akaona afadhali. Lakini aliporudi mwezi uliofuata alimkuta mkewe amekonda, mkono wake wa kulia umekuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kila ukungu ulipopanda mkono ule ulinyooka wenyewe kuelekea mlangoni na kukaza, kana kwamba kuna mtu nje ameung'ang'ania na anaburuzwa, na Marta akalia kwamba bega linang'oka, huku zile mbio zikizidi kukaribia, zikizunguka, zikipita chini ya dirisha, zikirudi, na sauti ya kike, imekatika pumzi, ikiita kwa upole jina la mumewe. Mzee wa kanisa alikuja akaomba, akaondoka akijifuta jasho katika baridi ile.

Ndipo dada yake Tobia alipomleta Bibi Yunis, mganga kutoka upande wa Rangwi.

"Shikamoo, bibi," Tobia aliamkia.

"Marahaba." Bibi Yunis aliushika mkono wa Marta, akauweka chini taratibu. "Huyu si marehemu. Marehemu kalala. Hili ni jini la relini, limeokota sauti iliyoanguka. Nani aliiacha ianguke?"

Tobia aligeukia dirisha.

"Baba, sema," Marta alimsihi. "Ninaumia."

Akasema yote, macho chini, mpaka alipofika kwenye kapu.

"Kwa ajili ya mapeasi?" Marta aliuliza. Hakuuliza kingine siku ile.

Bibi Yunis alifukiza dawa zake mpaka nyumba ikajaa moshi. Mbio zikasita mlangoni. "Limekubali kutoka," alisema, "lakini lazima liambiwe pa kwenda. Wewe uliyelileta, litajie mahali. Fikiri kwanza."

Tobia hakufikiri. Alitaka liondoke tu. "Nenda kwenu!" alipiga kelele. "Nenda Kwamkoro!"

Mkono wa Marta ulilegea, ukaanza kupata joto. Nje kukawa kimya. Bibi Yunis alikusanya vitu vyake bila kumtazama Tobia, na alipoondoka alimuaga Marta peke yake.

Nyumba ilitulia. Marta alipona, akarudi kwenye shamba la ujamaa na wenzake. Ila Tobia hakulala vizuri tena. Alijua amemkosea Wema mara ya pili, safari hii kwa kulituma jini mpaka kwa mama yake. Hatimaye aliomba ruhusa kazini, akaenda Kwamkoro.

Aliulizia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, akaonyeshwa mlango wa Secilia, mjane, mama yake Wema. Alimkuta amekaa kibarazani, akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, mweupe, hausogei. Harufu ya chuma kilichoungua ilitoka ndani.

Tobia aliamkia, akaketi, akaanza moja kwa moja. "Mama, huyo uliye naye humo ndani si mwanao."

Secilia hakushtuka. "Mwanangu nimemzika mimi mwenyewe. Unadhani simjui? Huyu alikuja analia mlangoni, anasema amefukuzwa huko alikokuwa. Na mvua ilikuwa inanyesha. Ningemfungia mlango?"

Tobia aligeuka kuutazama mlango.

"Na wewe mgeni, hata jina hujanitajia. Unaitwa nani?"

Kabla hajafumbua mdomo, nyuma ya pazia la chumbani sauti changa ilijibu, imejaa furaha:

"Kaka Tobia huyo, mama. Mkaribishe ndani."