Bakuli Langu Lilirudi Tupu Kila Ijumaa

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, sijaoa, na ninaishi Naivasha katika chumba kimoja ninachokipenda kuliko watu wengi ninaowajua. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama aliwaficha majirani. Nayasema haya mapema ili msitafute kwangu busara ambayo sina. Nilichonacho ni hasira. Nimekaa nayo zaidi ya miaka kumi, na leo naimwaga hapa mbele yenu...

Mwaka 2008 nilikwenda Doha, Qatar, kuwa mpishi katika nyumba ya Wamarekani mtaa wa Abu Hamour. Nyumbani walidhani kila jioni natembea kando ya bahari nikipigwa na upepo. Upepo gani! Nilimaliza mwaka mzima nikiijua njia moja tu, ya kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kwenye pipa la taka. Mimi ni mtu wa ndani. Nikialikwa mahali, naanza kuumwa tumbo.

Dereva wa nyumba ile alikuwa Gitau, mtu wa kwetu Naivasha, tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Alikuwa akiniita Bibi Harusi. "Lakini hata bibi harusi hufika siku akatolewa nje, bana," alisema. "Wewe utatolewa lini?" Nami nilicheka. Nilimpenda Gitau kama ndugu wa tumbo moja... Shika hapo.

Madam wetu, Charlene, alitoka Luiziana, sehemu ya Amerika yenye mabwawa na joto, ambako watu wanapenda kula kuliko kulala. Chakula chao kikuu cha sherehe ni kreifishi. Wale wa Naivasha mnamjua: mdudu wa majini mwekundu, ana magamba na makoleo mawili mbele kama ndugu mdogo wa kambakochi. Amejaa ziwani kwetu! Tulipokuwa wadogo tulimwona akivuliwa na kupelekwa kwenye mahoteli ya watalii. Sisi wenyewe hatukumgusa. Mama alisema mtu akila kile kidudu atalala nje.

Nilipomweleza Madam hivyo, alishika kiuno akacheka hadi machozi. Kumbe hao wadudu walipelekwa Naivasha zamani kutoka kwao! Wao wamekuja kwetu, mimi nimevuka bahari kwenda kuwapika. Nani mjinga hapo?

Alinifundisha kila kitu. Jinsi ya kukaanga unga na mafuta kwa mwiko, bila kuondoka hata kujikuna, mpaka uwe na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Jinsi ya kuongeza kitunguu, pilipili hoho na seleri. Hapo ndipo unapata gambo, mchuzi mzito wa kaa na soseji unaoliwa na wali. Soseji zetu zilikuwa za ng'ombe, kwa sababu zile za kwao za nguruwe hazikuwa zikipatikana, na Madam alizililia kama msiba. Kaa na kamba tulinunua Al Wakrah, mji wa pwani jirani. Kreifishi walikuja wamegandishwa, maboksi kwa maboksi.

Na kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, palikuwa na sherehe uani. Nilichemsha sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani: kreifishi, viazi, mahindi, vitunguu saumu na pilipili ya kutoa kamasi. Tulitandaza magazeti mezani, tukaimwaga yote katikati. Hakuna sahani! Watu walikula kwa mikono, wakavunja mkia na kufyonza kichwa kwa kelele. Gitau, aliyekulia mahindi na maharagwe ya githeri, alipoona mara ya kwanza alisema, "Hii ni githeri iliyovamiwa na wadudu." Kisha akala hadi akafungua mkanda.

Mapema mwaka 2009 ule unga moto ulinirukia ukaganda mkononi. Nililia kama mbuzi. Gitau alinikimbiza kliniki, na huko nikamkuta Sista Akinyi, muuguzi kutoka Homa Bay.

"Umechomwa na nini?" aliniuliza.

"Unga."

"Unga? Kaka, mimi nasonga ugali tangu nikiwa darasa la tatu, na haujawahi kunichuna ngozi hivi."

Nikamweleza. Mimi, mtu wa ndani, nilizungumza nusu saa bila kuumwa tumbo! Nilimweleza habari za gambo, za kreifishi, za kufyonza vichwa. Alicheka, akafunga bandeji, akaandika namba yake ya simu kwenye bahasha ya dawa.

"Mimi ni mtu wa ziwa," alisema. "Hakuna kitu cha majini kitakachonishinda. Ukipona uniletee. Ijumaa huwa niko kanisani Mesaimeer."

Wasomaji, mmesikia alivyosema? Alisema *uniletee*. Hakusema nitumiwe!

Lakini Ijumaa ilikuwa siku ya sufuria. Ndivyo nilivyojidanganya. Madam mwenyewe aliniambia, "Maji yatachemka bila wewe. Nenda kanisani, urudi saa nane." Nikajibu kuwa sufuria yangu haimpendi mgeni. Ukweli? Niliogopa. Niliogopa ule umati wa Wakenya wenye suti zilizopigwa pasi, niliogopa kukosa neno la kusema, niliogopa kumwona akinitazama mchana kweupe. Namba niliyopewa niliiandikia ujumbe mara ishirini nikafuta mara ishirini. Yaani mimi!

Gitau alikuwa akienda Mesaimeer kila Ijumaa kusali. Nikampa bakuli la plastiki lenye kifuniko cha buluu, limejaa gambo. "Mpelekee Akinyi," nikamwambia. "Mwambie ni mimi."

"Usijali, Bibi Harusi," alisema. "Nitakusemea."

Sasa, kila mmoja wenu aliyelelewa na mama anaijua desturi hii. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi tupu. Utaweka hata mayai mawili, hata kiganja cha sukari. Ukirudisha tupu, umemwambia imetosha, usilete tena. Nilingoja siku nzima. Bakuli lilirudi limeoshwa, linanukia sabuni. Tupu!

Gitau aliketi kwenye kiti cha jikoni akijitoa nyama menoni. "Amekula," alisema. "Amesema chumvi imezidi kidogo. Bado anakufikiria, usimharakishe."

Ijumaa iliyofuata nilipunguza chumvi. Bakuli likarudi tupu. Nikapika jambalaya, ule wali wao mwekundu. Tupu. Nikamenya mikia ya kreifishi mmoja mmoja, kucha zikaniuma, nikaipika kwa siagi na kitunguu. Tupu! Na Gitau kila mara alikuwa na habari: leo amesema pilipili imepungua, leo amesema siagi ni nyingi, leo alikuwa na haraka. Nilikosolewa na mtu ambaye hakusema lolote kati ya hayo. Hata Madam hakujua ni kwa nini mpishi wake alizidi kuwa hodari wiki baada ya wiki. Alidhani ni juhudi ya kazi!

Mwaka mzima na miezi mitano. Hesabuni Ijumaa hizo wenyewe, mimi nikizihesabu nashikwa na kizunguzungu.

Siku moja Gitau alikuja jikoni anang'aa kama kiatu kipya. Alikuwa amepata mchumba! Ijumaa ijayo kungekuwa na sherehe ya kuvishana pete, nyumbani kwa rafiki yao Al Wakrah. Akaniomba nipike sufuria kubwa. Madam alifurahi, akatoa maboksi manne ya kreifishi na ruhusa ya siku nzima.

"Bibi harusi ni nani?" nilimuuliza.

"Utamwona huko. Wewe toka tu nje kwa mara ya kwanza, bana, dunia haikuumi."

Nilipika kwa upendo. Niandike tena? Kwa upendo! Nilifika Al Wakrah adhuhuri na shati jeupe, sufuria imefungwa taulo. Magazeti yalikuwa yametandazwa. Tukaimwaga sufuria, mvuke ukapanda, watu wakapiga vigelegele. Mvuke ulipotulia, niliona upande wa pili wa meza amekaa Akinyi, na pete kidoleni.

"Shemeji!" aliniita. "Hatimaye umetoka nyumbani!"

Shemeji... Neno hilo liliniingia kama ule unga moto, ila safari hii hapakuwa na bandeji.

Akaja kunisalimu kwa mikono miwili, kwa furaha kabisa. "Mkono ulipona? Na mama watoto hajambo huko Naivasha?"

"Mama watoto gani?" nikamuuliza.

"Si mkeo? Gitau alinieleza tangu Ijumaa ya kwanza. Na zile njugu zangu ulizipenda? Hujawahi hata kunitumia salamu za asante, shemeji, lakini nilisema wapishi huwa na kiburi."

"Njugu gani, Sista?"

Aliacha kucheka. Kumbe bakuli langu halikutoka kwake tupu hata siku moja! Aliweka njugu za kukaanga. Aliweka mandazi. Aliweka omena, wale dagaa wa ziwani kwao, waliotumwa na mama yake, na mara mbili aliweka barua ya kuulizia mkono wangu. Barua, jamani! Gitau alikula njugu zangu garini, akasoma barua zangu garini, akaosha bakuli kwenye bomba la uani kabla ya kuniletea. Na mwanamume ambaye hajui hata kukaanga yai akanieleza kuwa chumvi imezidi!

Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa kwenye kona anamimina soda, amenigeuzia mgongo, na glasi ilikuwa imeshafurika zamani.

"Gitau!" nilipaza sauti. "Geuka uniangalie!"

Mtu mmoja alibaki na kichwa cha kreifishi mdomoni. Gitau aligeuka. Hakukana. Alisema tu, "Ningefanyaje? Wewe hukuwa ukija."

Akinyi alinivuta hadi kwenye ngazi. Alikuwa akilia, nami nilidhani sasa atavua pete. Mimi mjinga nilisimama pale nikingoja avue pete!

"Amenidanganya, na atanijibu kwa hilo," alisema. "Lakini namba yangu nilikupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kutoka kwako mpaka kanisani ni dakika kumi. Mwaka na nusu, hukuja hata kuniambia nisikuandikie. Yeye amekuwa akija kila Ijumaa. Nilikuwa na homa, akaja. Baba alipofariki, akaja. Sasa nimwache nimfuate nani? Mtu ambaye simjui?"

Nilichukua sufuria yangu tupu, nikaondoka. Walifunga ndoa mwezi wa nane, na nimesikia wana watoto watatu. Sikuwapikia. Nilifanya kazi na Gitau nyumba moja miaka mingine minne, hadi familia ile ilipohama, na tulisemezana maneno ya kazi tu: yalla, twende; gari liko tayari; khalas, imekwisha.

Gitau, kama unasoma haya, sijakusamehe. Usinitumie salamu na mtu. Wewe ni mwizi, na uliniibia huku ukiniita ndugu. Lakini kuna mtu mwingine ninayemkasirikia zaidi, na huyo namwona kila asubuhi ninaponyoa ndevu. Gitau alidanganya kwa mdomo. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria, nikataka mwanamke anipende kwa harufu!

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mlio mbali na kwenu, mnaofanya kazi ndani ya kuta za watu na kuanza kuzipenda kuta hizo... Nawasihi! Ukiwa na neno la kumwambia mtu, usimpe rafiki akubebee. Usilifunge ndani ya chakula, wala zawadi, wala salamu. Vaa viatu uende mwenyewe, hata tumbo likiuma. Akikukataa, akukatae wewe, mbele ya macho yako, kwa maneno yake mwenyewe. Utaumia, ndiyo. Lakini utarudi nyumbani ukijua umekataliwa na nani.