Santuri Yenye Sauti ya Mdogo Wake

Sindano ilikuwa juu, santuri haizunguki, lakini spika za duka zilikuwa zinapumua. Wateja wakatikisa vichwa kwa raha. Ndiyo tekno hiyo, jamani, muziki wa mashine. Hata mashine ya kufulia ikikwama, kuna mtu atauliza ni wimbo wa nani.

Mwenye duka, waliyemwita Besi, hakujali. Duka lile la santuri alilifungua na mdogo wake wa kike, yeye akichagua muziki, mdogo wake akiuza. Lilipochangamka wakageuza stoo ya juu kuwa studio, wakaanza kutoa santuri zao chini ya lebo yao wenyewe. Besi akawa mtu mkubwa. Mdogo wake akabaki kaunta.

Halafu ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Mchana kweupe, akimfungia mteja mzigo, yule mdogo wake akafumbua mdomo, ikatoka sauti nzito ya kiume: "Hapa kwangu."

Mganga akaitwa, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Wakampandisha mgonjwa studio, kwa kuwa Besi aliogopa wateja wasije wakasikia. Mganga akaliamuru jini litoke, nalo likanguruma, pigo kwa pigo, hadi vioo vikatetemeka, na Besi, aliyekuwa amemshika mdogo wake miguu huku machozi yanamtoka, akatambua kwamba mngurumo ule hakuna mashine yake iliyowahi kuutoa, wala hakuna lebo duniani iliyokuwa nao, na mkono wake mmoja, Mungu amsamehe, ukaachia mguu ukabonyeza kitufe cha kurekodi.

Jini likatoka. Mdogo wake akaomba maji.

"Sauti yake isibaki humu," mganga akanong'ona. "Ikibaki, litarudi."

"Haijabaki, mama," akajibu Besi. Mwongo mkubwa!

Akatoa santuri yenye mngurumo ule. Ikavuma hadi miji asiyoijua. Na kila ilipopigwa huko, mdogo wake alianguka huku akinguruma, awe anachana nywele, awe anakula, awe amelala, hadi koo likawa linatoa damu, hadi mganga akarudishwa mbio, akaisikiliza ile santuri kidogo tu, akachukua mkoba wake.

"Mama, usituache!"

"Mimi namtoa jini ndani ya mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umemjengea nyumba kila mji. Nianzie wapi?"

Besi akazikanyaga santuri zote zilizobaki dukani, akilia kwa kwikwi. Uchungu wa nini sasa? Zilizouzwa zilishauzwa.

Asubuhi moja mdogo wake alipata nafuu. Sauti ilikuwa yake, imekwaruzika.

"Kaka," akanong'ona, "ziko ngapi huko nje?"

Besi akamshika mkono. Idadi aliijua. Kabla hajaitaja, mtu fulani, mahali fulani, akashusha sindano.