Msumari wa Marehemu

Haya yalimpata shemeji wa jirani yangu, fundi wa kutundika fremu, mtu msafi mpaka anakera. Hagusi picha ya mtu kabla hajanawa mikono. Tabia yake mbaya ilikuwa moja tu: misumari aliishika mdomoni, mitatu minne, huku akiongea nawe kwa upande wa mdomo. Mkewe alishamkataza. Walikuwa na binti wa miezi mitatu, waliyempata baada ya miaka tisa ya kuhangaika hospitalini, na baba mtu akifika nyumbani kazi yake ni moja, kumbusu.

Asubuhi hiyo aliitwa na mama mmoja mjane. Alitaka picha ya marehemu mumewe itolewe sebuleni, ihamie koridoni.

"Amenichosha," alisema. "Kila nikila ananitazama."

Fundi aliishusha, akamfuta vumbi mzee na kiko chake, akaitundika koridoni. Mwingine angechukua ujira wake akaenda zake. Yeye hapendi kuacha msumari mtupu ukutani, akarudi kuung'oa. Ulitoka kilaini, kama mwiba kwenye kidole kilichotunga usaha. Mkono mmoja ulishika koleo, mwingine ngazi. Akautia mdomoni, kwa mazoea.

Ulikuwa wa moto. Ukalainika.

Halafu ikaja ladha, ya nyama iliyolala siku tatu. Akatema. Misumari yake mitatu ilianguka sakafuni. Ule wa ukutani haukuwemo. Pale ulipotoka, kitobo kilikuwa kinavuja ute wa njano, ukiteremka polepole juu ya rangi nyeupe.

Mjane alisogea karibu.

"Umeutia mdomoni?" alinong'ona. "Nilikuambia picha, baba. Msumari sikukuambia."

Fundi alisukutua kwa chumvi, kwa siki, kwa sabuni ya kufulia. Alitapika mpaka nyongo. Kinyaa kilibaki palepale. Kila akimeza mate, aliona anameza ya mtu mwingine. Siku tatu hakumsogelea mwanawe.

"Mbona humbusu mtoto?" mkewe aliuliza.

"Mafua."

Siku ya nne, asubuhi, binti alimchekea huku akirusharusha miguu. Baba akajisahau. Akainama, akambusu shavuni. Mara moja tu.

Mtoto akacheua. Maziwa yakanuka uvundo. Mama alimfungua mdomo ampanguse, akamsogeza dirishani. Kwenye ufizi wa chini kulikuwa na jino. Kubwa. La njano. Limelika, limeoza ubavuni, limegandwa na weusi wa tumbaku.

Daktari wa meno aliling'oa kwa vidole tu, wala mtoto hakulia. Akaligeuza kwenye taa.

"Hili la mzee wa miaka themanini," alisema. "Limefikaje humu?"

Akamfunua mtoto mdomo atazame kidonda. Hakukuwa na kidonda. Kulikuwa na jingine, linachungulia.

Mama mtu anaendelea kumnyonyesha, atafanyaje, mwana ni wake. Ila siku hizi humpa ziwa huku amefumba macho.