Herufi Zake, Maneno Yangu

Simu ilitetemeka juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

"Nina A, E, Q, R, T, U, Z. Fanya haraka, malkia wangu."

Nikaweka mkasi chini, nikavuta droo ya Q. Mafundi wenzangu huweka vifungo kwenye droo zao. Zangu tatu zimejaa maneno ya Kiingereza, moja ya Q, moja ya X, moja ya Z, yote nimeyaokota kwenye kamusi kuukuu na kuyaandika kwenye vipande vya karatasi ya kukatia mitindo. Maana za mengi sizijui. Nayajua kwa herufi zake, kama ninavyowajua wateja kwa vipimo vyao.

"QUARTZ," nikamjibu. "E itakubakia."

"Wewe ni roho yangu."

Miaka miwili tulipendana hivyo, mwalimu wa Kiingereza na fundi cherehani aliyeacha shule njiani. Aliniambia anacheza kwenye simu na watu asiowajua, kujipumzisha tu. Nami nilimpenda mpaka nikaanza kusoma kamusi nikiwa nakula.

Kabla sijarudi kwenye mkasi, dada yake akaingia kuchukua gauni. Kwao ni yeye peke yake aliyenijua, kwa sababu namshonea.

"Wifi, kaka yuko maktaba anacheza nusu fainali. Hukwenda kumtazama?"

"Anacheza nini?"

"Mchezo wa maneno, ule wa vibao vya herufi. Kila Jumamosi saa kumi. Hujui kama mchumba wako ni bingwa?"

Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika ishirini. Ujumbe wake wote wa miaka miwili ulikuja Jumamosi, saa kama hizo.

"Wanaruhusiwa simu humo?"

"Simu? Wanafukuza mtu kwa simu."

"Na mbona hajawahi kunipeleka?"

Akainamia gauni lake, akajifanya anakagua pindo.

"Wifi, sema. Mimi si mtoto."

"Anasema Kiingereza hukijui, utamwaibisha. Mama kila akiuliza atakuona lini, anaambiwa asubiri, kwanza ufundishwe kuongea na watu."

Nililia, sitaki kudanganya. Nililia nikimalizia suruali ya mtu, kisha nikanawa uso. Wiki nzima sikumgusia kitu. Ijumaa akaniandikia: "Kesho usikae mbali na simu, kipenzi."

"Sitakaa mbali," nikamjibu, na sikusema uongo.

Jumamosi nilifunga duka saa tisa, nikavaa gauni la bluu nililojishonea mwenyewe, nikaenda maktaba. Ukumbi ulikuwa umejaa. Yeye alikuwa mezani mbele, kainua shingo, anacheza fainali na mkutubi msimamizi wa mchezo, mama mmoja wa miwani. Mama yake na dada yake walikaa mstari wa kwanza. Nikakaa nyuma kabisa.

Haukupita muda mkono wake ukashuka chini ya meza. Simu yangu ikatetemeka.

"B, E, J, K, O, U, X. Nafasi ipo. Nusuru mpenzi wako."

Nikasimama. Nilitembea taratibu mpaka mezani, na viatu vyangu vilisikika ukumbi mzima.

"JUKEBOX," nikasema. "Zote saba zimeingia. Umefurahi?"

Akageuka rangi.

"Nani kakuita huku?"

"Wewe. Ujumbe huu hapa, haujamaliza hata dakika mbili."

Nikampa mkutubi simu. Akasoma wa leo, akapanda juu, akasoma wa wiki iliyopita na wa mwezi uliopita. Akavua miwani.

"Mwalimu, kumbe miezi yote hii nilikuwa nacheza na huyu dada?"

"Huyu hajui hata maana za hayo maneno," akasema. "Anayakariri tu."

"Kweli, mengi sizijui maana zake," nikajibu. "Wewe unazijua zote, na maneno ulikuwa unayaomba kwangu."

Watu wakacheka. Akanishika kiwiko, akashusha sauti.

"Tafadhali, twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikonificha miaka miwili. Tuongee hapa hapa."

Mama yake akainuka.

"Mwanangu, huyu binti ni nani?"

Nilimtazama machoni. Nakiri, hata pale moyo wangu ulikuwa bado unamwombea. Angesema "mchumba wangu", nadhani ningemsamehe yote, pamoja na ule wizi wake wa maneno.

Akamgeukia mama yake.

"Ni... fundi wangu wa nguo, mama."

Dada yake akaziba uso kwa mikono.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, binti yangu."

"Mwanao amesema kweli. Mpaka dakika hii nilikuwa mchumba wake. Sasa ni fundi wake tu, na hata ufundi wenyewe atafute kwingine."

Nikageuka niondoke, mkutubi akanivutia kiti.

"Dada, huyu nimemtoa mchezoni. Kaa wewe tucheze."

"Nitafungwa, mama. Sijawahi kushika vibao hivi."

"Ufungwe kwa jina lako. Si ndivyo vizuri?"

Nikakaa. Nilifungwa kwa pointi kumi na moja, na ukumbi ukanipigia makofi kama niliyeshinda. Mkutubi akaandika jina langu ubaoni, langu na la baba yangu, akaniambia niwe nakuja kila wiki.

Yeye alinisubiri mlangoni, macho mekundu.

"Nisamehe. Niliogopa watu. Nitakuoa, mbele yao wote, hata Jumamosi ijayo ukitaka."

"Jumamosi ijayo sina nafasi," nikamwambia. "Nina mechi."